Kimbilia Kipimo, Usikimbilie Kisu

Hapa Mathare, Nairobi, mtoto akiumwa na kichwa, safari ya kwanza ni ya kemisti. Silisemi hilo kwa dharau. Kemisti yuko mlangoni, hafungi mapema, hana foleni ya kadi, na anaelewa kuwa mfukoni una mia mbili tu. Atauliza kama mtoto ana joto, atakupa dawa ya maumivu, na ukirudi kesho yake atakuelekeza kwenye maabara ya jirani mtoto adungwe kidole. Baada ya nusu saa karatasi inarudi na majina mawili ambayo kila mzazi wa Eastlands ameyazoea: malaria na taifodi.

Mara nyingi mambo huishia hapo na mtoto akapona, kwa sababu vichwa vingi vya watoto huuma kwa mafua, jino, njaa au macho yasiyoona ubao vizuri. Lakini karatasi ile ina kasoro mbili. Nairobi iko juu, yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mtoto ambaye hajasafiri kwenda Kisumu, Busia au Pwani majuma ya karibuni si rahisi awe na malaria. Nacho kipimo cha taifodi cha vichochoroni, kile cha Widal, husoma kinga ambazo mtu anaweza kukaa nazo mwilini miezi mingi baada ya kupona ugonjwa wa zamani. Ndiyo maana mtaani karibu kila mtu akipimwa "ana taifodi". Karatasi hiyo ikishaandikwa, hakuna tena anayetafuta sababu nyingine.

Wapo watoto wachache ambao maumivu yao hayatokani na mbu wala maji machafu. Ndani ya ubongo wao kuna mishipa ya damu iliyoumbika vibaya, wengi wao tangu kabla hawajazaliwa, na mshipa mmoja umeanza kuvuja au umepasuka. Ugonjwa huu ni wa nadra. Kwa watu wa rika zote, aina yake mashuhuri zaidi hugunduliwa kwa takriban mtu mmoja katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Lakini mtoto ambaye hakuanguka wala kugongwa akivuja damu ndani ya ubongo, hitilafu ya aina hii ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Ushauri wangu una nusu mbili. Kabla ya kipimo, harakisha. Baada ya kipimo, tulia. Familia nyingi hufanya kinyume: majuma yanapotea kati ya kemisti, maombi na kliniki zisizo na mashine, kisha jina la ugonjwa likishatajwa, kabla hata daktari wa upasuaji hajaiona picha, kadi za harambee ya kwenda kutibiwa India zimeshachapishwa.

Kwanza tuelewe kinachotokea kichwani. Ateri hutoa damu moyoni kwa nguvu, vena huirudisha polepole. Kati yazo kuna vimishipa vyembamba mno, kapilari, ambavyo kazi yake ni kuvunja ile nguvu na kuupa ubongo nafasi ya kupokea hewa na sukari. Katika hitilafu ambayo madaktari huiita AVM, kapilari hazipo. Ateri imeungana na vena moja kwa moja ndani ya fundo la mishipa iliyosokotana. Mkaaji wa Mathare hahitaji mchoro hapa: ni kama mtu kutoboa bomba kubwa la maji kando ya Juja Road na kuliunga na mpira mwembamba wa plastiki unaopita mtaroni. Mpira unavimba, unahimili mwezi, unahimili mwaka, kisha siku moja unapasuka. Kwa AVM, hatari hiyo ni kati ya asilimia 2 na 4 kila mwaka. Kwa mzee wa miaka 70 huenda hilo likavumilika. Kwa mtoto wa miaka minane, aliye na miaka 60 mbele yake, asilimia hizo zinaendelea kujumlishwa.

AVM ina ndugu zake. Kavanoma ni kifundo kidogo cha vijimishipa vyenye damu inayotembea polepole. Huvuja kidogo kidogo, na mara nyingi dalili yake ya kwanza ni kifafa. Kuna hitilafu ya vena ya Galen, ya watoto wachanga, ambayo nitairudia. Kuna pia vena iliyojipanga tofauti tu na zilivyo kwa wengine, ambayo huonekana kwenye picha za watu wengi wasio na ugonjwa wowote na ambayo haifai kuguswa. Hiyo ya mwisho ikiwa ndiyo peke yake kwenye ripoti, mara nyingi unaweza kumshukuru Mungu ukarudi nyumbani.

Na mama asilaumiwe. Haya hayaletwi na chakula alichokula akiwa mjamzito, wala ugomvi na mama mkwe, wala jicho la jirani. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada na Ufini walichunguza nyama ya AVM iliyotolewa kwa upasuaji. Kwa wagonjwa 45 kati ya 72 walikuta badiliko katika jeni iitwayo KRAS. Badiliko hilo lilikuwa ndani ya fundo lenyewe; walipopima damu ya baadhi ya wagonjwa hao hao, hawakulipata. Maana yake, kwa wengi hao kosa lilitokea kwenye seli chache za mtoto mwenyewe, wala halikurithiwa kutoka kwa baba au mama. Yapo mafungu machache yanayotembea katika ukoo: kavanoma za kifamilia, na ule ugonjwa wa kutokwa damu puani mara kwa mara kizazi hadi kizazi. Kama kwenu kuna watu kadhaa wenye kifafa, au waliopooza ghafla wangali vijana, mwambie daktari bila kuulizwa.

Sasa dalili, na hapa naomba usome taratibu. Maumivu ya kutisha ni yale yanayokuja ghafla, mtoto akiwa anacheza au anaandika, na ndani ya dakika chache yanafika kilele. Anatapika bila kuendesha. Shingo inakakamaa. Anataka kulala na ukimwamsha anajibu ovyo. Au anaanza kuangusha vitu: kikombe cha chai kinaponyoka mkono uleule mara mbili, ndala inachomoka mguu uleule kila akitembea, mwandiko uliokuwa mzuri muhula uliopita unakwenda mrama. Mdomo unapinda upande mmoja. Maneno yanakwama. Tundu jeusi la jicho moja linakuwa kubwa kuliko la jingine.

Kuna jaribio ambalo hata nyanya anaweza kulifanya sebuleni. Mwambie mtoto asimame, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu kama anayepokea kitu, kisha afumbe macho. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Mkono mmoja ukishuka wenyewe, au kiganja kikianza kugeuka kuelekea chini, upande huo una udhaifu hata kama mtoto mwenyewe anasema yuko sawa. Kisha mwambie atabasamu meno yaonekane, na atembee kwa vidole vya miguu hadi mlangoni. Jambo hilo lote halichukui dakika mbili, na linampa daktari habari nyingi kuliko kile kipimo cha Widal. Lakini lisikupumbaze: mtoto akilifaulu na kichwa bado kinampasua, safari ya hospitali iko palepale.

Kwa mtoto mchanga dalili ni nyingine kabisa, na ndiyo sababu hupotea. Hitilafu ya vena ya Galen hupitisha damu nyingi kichwani kiasi kwamba moyo ndio unaoanza kuchoka. Mtoto anahema haraka, anatoka jasho akinyonya, anaacha titi kila baada ya fundo chache, haongezi uzito. Anatibiwa nimonia, anatibiwa moyo, hapati nafuu. Wengine hukaa vizuri miezi ya kwanza kisha kichwa kinaanza kukua kupita kiasi, utosi unavimba, mishipa inaonekana kwenye ngozi ya kichwa. Kile kitabu cha kliniki ulichopewa Hospitali ya Pumwani au kwenye zahanati kina nafasi ya kufuatilia ukuaji; muombe nesi apime mzunguko wa kichwa kwa utepe na auandike kila mara. Halafu omba mambo mawili yasiyo ghali: daktari aweke stethoskopu juu ya kichwa asikilize kama kuna mvumo, na mtoto apigwe picha ya altrasaundi kupitia utosini, ile inayoonyesha mwendo wa damu. Utosi ukishafunga, dirisha hilo limefungwa nalo.

Kifafa nacho kina mambo yake. Degedege ya homa, kwa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, mwili mzima ukitikisika kwa muda mfupi, ni kitu cha kawaida na mara nyingi haidai picha ya ubongo. Inayotaka picha ni ile inayoanza upande mmoja wa mwili, au inayokuja bila homa, au inayomwacha mtoto na mkono mlegevu. Hapa Mathare kuna mzigo wa ziada. Ng'ambo ya bonde iko Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910 kama hifadhi ya wagonjwa wa akili, na jina lake limekuwa tusi. Mtoto akianguka mara mbili, majirani wanaanza kusema atapelekwa huko, na wazazi wanamficha ndani. Kifafa ni umeme wa ubongo uliovurugika. Mara nyingine kina jeraha nyuma yake ambalo picha inaweza kulionyesha. Kumficha mtoto ni kulificha jeraha.

Familia zenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani zina swali moja zaidi: je, mtoto amepimwa selimundu? Ugonjwa huo nao huharibu mishipa ya ubongo, japo kwa njia nyingine: unaiziba. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 1998 uligundua kuwa, bila kinga, yapata asilimia 11 ya wenye aina kali ya selimundu hupata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Kinga ipo: altrasaundi ya mishipa ya kichwa kuonyesha aliye hatarini, kuongezewa damu, na dawa ya haidroksiyurea. Mtoto mwenye selimundu aliyelegea upande mmoja, hata kwa dakika kumi kisha akarudi sawa, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Tuseme sasa shambulio limetokea, ni saa nne usiku, na wewe uko Mashimoni au Kosovo, vijiji vya Mathare ambako gari haliingii. Mlaze mtoto ubavu, kichwa kikiinuliwa kidogo, mdomo ukielekea chini ili matapishi yasimpalie. Usimpe chakula wala maji. Huenda akahitaji dawa ya usingizi hospitalini. Usimwekee kijiko mdomoni, usimnusishe kitunguu wala kiatu, usimmwagie maji. Angalia saa: degedege ikizidi dakika tano ni dharura. Ukimpa dawa ya maumivu akiwa bado anameza vizuri, iwe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini ni marufuku, na baadhi ya vile vidonge vya kichwa vinavyouzwa viwili viwili dukani vina aspirini ndani, kwa hiyo soma pakiti. Piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya isiyo na malipo. Watu wawili wambebe mtoto hadi barabarani, mahali ambapo dereva yeyote anapajua, kama steji ya Namba 10 pale Juja Road. Asiyejitambua asipandishwe boda akiwa amebanwa katikati ya watu wazima wawili, shingo ikiyumba. Tafuta gari hata kama ni la mwenye duka.

Mnaenda wapi? Hospitali yenye mashine ya CT, ile ya kupiga picha ya ubongo, inayofanya kazi leo. Maneno matatu ya mwisho ndiyo muhimu: mtu mmoja apige simu kuuliza mkiwa njiani. Vituo vya karibu kama Mathare North au Huruma Lions vina wahudumu wazuri na barua yao ya rufaa ina thamani, ila havina mashine hiyo. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki na Hospitali Kuu ya Kenyatta ndiko wengi wa Eastlands huishia. Hospitali ya Watoto ya Gertrude's iko Muthaiga tangu 1947, kilomita chache tu kutoka bondeni, ingawa kwa mama anayefua nguo za watu Eastleigh umbali wake haupimwi kwa kilomita. Hata hivyo Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inavibana vituo vya binafsi pia. Mlangoni bado utaulizwa amana. Taja kifungu hicho kwa sauti ya upole, na uombe kuonana na msimamizi wa zamu.

Ukifika kwa daktari, usianze na malaria iliyotibiwa wiki jana. Anza na saa: "Alikuwa mzima saa kumi na moja jioni, akashika kichwa ghafla, akatapika, mkono wa kushoto umelegea." Sentensi ya namna hiyo ndiyo inayofungua mlango wa CT. Uliza waziwazi: "Daktari, inaweza kuwa damu kwenye ubongo?" Hakuna daktari timamu atakayekasirishwa na swali hilo. Mtoto akiwa na udhaifu wa upande mmoja au usingizi mzito na wakataka kumtoa maji ya mgongo kupima homa ya uti wa mgongo, uliza kama picha isitangulie, na kama dawa za kuua vijidudu haziwezi kuanza wakati picha ikisubiriwa. Eksirei ya fuvu haionyeshi damu; usiilipie ukidhani umepimwa ubongo.

Na kile kitambaa cha jina mkononi mwa mtoto, kisome wewe mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji alifunguliwa fuvu kwa kuchanganywa na mwingine aliyekuwa na damu iliyoganda kichwani. Madaktari waligundua wakiwa tayari ndani. Nchi nzima ilipiga kelele, na ilistahili. Mzazi anayeuliza, kila mtoto anapohamishwa wodi, "Mmesoma jina lake?" hasumbui mtu.

Hadi hapa tumekuwa tukikimbia. Picha ikishapatikana, na kama mtoto ametulia, punguza mwendo. Damu nyingi inayoukandamiza ubongo hutolewa usiku uleule, hilo halina mjadala. Lakini kulitoa fundo lenyewe ni safari nyingine, na huanza na picha bora zaidi: CT ya mishipa, MRI, na mara nyingi ile ya kupitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi shingoni na kumwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei. Omba picha zenyewe kwenye CD, usikubali ripoti ya karatasi peke yake. Bila hiyo CD, kila daktari mpya ataanza upya na pochi yako nayo itaanza upya.

Kisha uliza, na uandike majibu kwenye daftari: Ni aina gani? Imeshavuja au imeonekana kwa bahati tu? Iko sehemu ya ubongo inayotawala maneno, mkono au macho? Ni daraja la ngapi? Madaktari wana mizani iliyobuniwa mwaka 1986, ya Spetzler na Martin, inayoipa AVM daraja la 1 hadi la 5 kulingana na ukubwa wake, mahali ilipo na kina cha vena zinazoipokea damu. Daraja la 1 na la 2 kwa kawaida hutolewa kwa upasuaji na mtoto akainuka vizuri. La 4 na la 5, kisu chenyewe kinaweza kuwa hatari kuliko ugonjwa. Daktari anayetaka kupasua bila kutaja daraja, mshukuru kisha utafute maoni ya pili.

Usishangae kuambiwa msubiri. Utafiti wa kimataifa uitwao ARUBA, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia watu wazima ambao AVM zao hazijawahi kuvuja, ukakuta kwamba kwa muda uliofuatiliwa walioachwa na dawa tu walipata vifo na viharusi vichache kuliko waliotibiwa fundo. Haukuhusisha watoto, na madaktari wengi huona mtoto, kwa wingi wa miaka iliyo mbele yake, ana sababu kubwa zaidi ya kutibiwa. Lakini uliwafundisha wote kutouchukulia upasuaji kama jibu la lazima. Kwa kavanoma iliyotulia, kuangaliwa kwa MRI mara kwa mara ndiyo tiba yenyewe.

Zaidi ya kisu kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha mrija na kuiziba mishipa kwa gundi maalumu kutoka ndani; mara nyingi hutangulia upasuaji ili damu ipungue. Ya pili ni mionzi inayolengwa kwenye fundo dogo lililo kina. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa, ina mashine ya CyberKnife ya mionzi ya namna hiyo. Jambo ambalo wazazi hawaambiwi vya kutosha ni kwamba mionzi hulifunga fundo polepole, miaka miwili hadi mitatu, na katika kipindi hicho chote hatari ya kuvuja ingali ipo.

Mtoto mwenye kichwa kikubwa anahitaji onyo la peke yake. Hapa kwetu kichwa kikikua, jibu la haraka ni kuwekewa mpira wa kutoa maji kichwani, na kwa watoto wengi ni jibu sahihi. Hospitali ya Kijabe imewahudumia wengi, na hospitali ya CURE kule Mbale, Uganda, ndiko daktari Benjamin Warf aliboresha njia ya kuyafungulia maji hayo kwa kamera bila mpira. Lakini kama chanzo ni vena ya Galen, kuweka mpira kabla ya kushughulikia mishipa kunaweza kumdhuru mtoto. Ile altrasaundi ya utosini itangulie. Moyo ukiruhusu, wataalamu wengi hupendelea mtoto afikishe miezi minne au mitano ndipo waizibe kwa mrija. Moyo usiporuhusu, hawasubiri.

Kuhusu India, siipingi. Wapo waliokwenda na kurudi wazima. Ila Kenyatta na Aga Khan wana wapasuaji wa ubongo wanaostahili kuulizwa kwanza, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinawafundisha wengine hapa hapa. Dalali anayekuletea bei ya kifurushi kabla ya mtaalamu yeyote kuisoma CD yako anauza tikiti. Jina la daktari wa hapa nchini unaweza kulitafuta kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalowapa madaktari leseni, iliyo wazi mtandaoni.

Pesa. Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya afya ya NHIF haipo, kuna SHA. Vituo vya msingi vinahudumia bila malipo aliyejisajili, lakini CT, wodi ya Kenyatta na upasuaji vinadai uwe umelipa mchango. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo, jambo ambalo kwa mtu wa mjengo anayelipwa kwa siku ni mtihani. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole unaruhusu kuugawanya. Kabla ya kila kipimo uliza SHA inalipa kiasi gani na wewe utaongeza kiasi gani, wakuandikie. Bili ikizidi, hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii inayoweza kuipunguza au kuisamehe. Nenda siku ya kwanza ya kulazwa, usisubiri siku ya kuruhusiwa.

Halafu kuna maisha ya nyumbani, ambayo ni marefu kuliko ya wodini. Dawa za kifafa hazikatizwi ghafla, hata baada ya ibada ya uponyaji iliyogusa watu wote. Maombi hayakatazwi, mchungaji mwema atakuambia uendelee na dawa. Mtoto mwenye degedege asipikie kwenye jiko lililo chini, asilale kitanda cha juu, asiachwe peke yake na beseni la maji, na kama mnaishi ghorofa za Huruma, ngazi zisizo na kizuizi ni adui kuliko ugonjwa wenyewe. KAWE, chama cha ustawi wa watu wenye kifafa, kinasaidia kwa ushauri. Mpira wa miguu, ambao ni nusu ya utoto wa Mathare tangu MYSA, chama cha michezo cha vijana wa hapa, kianze 1987, usiupige marufuku milele. Muulize daktari tarehe ya kurudi uwanjani. Mkono uliolegea unataka mazoezi ya kila siku miezi mingi, na ubongo wa mtoto hujifunza upya vizuri kuliko wa mtu mzima. Mwalimu aambiwe ukweli, kwa maana mtoto huyu atachoka mapema na atasahau, wala si mvivu.

Na hata daktari akisema fundo limekwisha kabisa, usitupe kadi ya kliniki. Kwa watoto, AVM imewahi kurudi baada ya picha safi, kwa hiyo wataalamu hurudia picha hadi mtoto awe mtu mzima.

Basi fanya mambo mawili jioni hii, mtoto akiwa mzima. Bonyeza *147# uhakikishe kwamba jina lake, kwa cheti chake cha kuzaliwa, limo chini ya lako kwenye SHA. Kisha uiandike 1199 mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaweza kuisoma, umwelekeze ambulensi isimame wapi.